Refa Alipofumba Macho

Asubuhi za Chiriku zilianza kwa kijiko cha mwenzake. Alitoka kwao hata uso haujakauka maji, akavuka ua, akajipenyeza kati ya kitanda na cherehani katika chumba cha Mama Refa, kisha akaketi nyuma ya rafiki yake na kumwegemeza kifuani. Mama Refa alishika bakuli la uji mzito. Alijaza kijiko nusu tu, maana kikijaa uji ulimpalia Refa, na akipaliwa alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Kijiko kimoja, kisha subira mpaka ameze. Kingine, kisha subira tena. Hakukuwa na njia ya mkato. Chiriku, ambaye usiku alilala usingizi wa mang'amung'amu, alianza kusinzia hivyo hivyo, mikono yake ikiwa imemzunguka mwenzake.

"Chiriku, unalala," Mama Refa alimwambia.

"Silali, mama. Nimepumzisha macho tu."

Refa akatoa ule mlio wake wa kooni ambao watu wa ua wote waliujua kuwa ni kicheko. Matone ya uji yakamrukia mama yake usoni, naye akayafuta kwa mkono. Hakuwa amekasirika. Hakuwa na nguvu ya kukasirika.

Wasichana wale wawili walikuwa na umri mmoja na darasa moja. Tangu azaliwe, viungo vya Refa havikumtii. Mikono ilikakamaa, shingo ilichoka upesi, na maneno hayakutoka kabisa. Lakini macho yake yalikuwa makali kama ya mwalimu wa zamu, na ndiyo yaliyompa jina. Watoto wa ua walipocheza kuruka kamba, yeye alilazwa barazani kwa mito miwili, akitazama. Mtu akidai hakugusa kamba na wenzake wakashikilia kwamba ameigusa, wote waligeukia baraza. Refa akitazama juu, basi msemaji amesema kweli na mchezo unaendelea. Akifumba macho, msemaji amedanganya, naye anatoka bila kunung'unika. Hata mtoto wa fundi mwashi, ambaye alibishana na kila kiumbe mwenye pumzi, hakuwahi kubishana na macho yale.

Chiriku naye aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Kwa kuwa Refa hasemi na Chiriku hanyamazi, urafiki wao ulikaa sawa. Mtu akiuliza, "Huyu mtoto anasikia?" Chiriku alikuwa keshajibu hata kabla mama mtu hajageuka.

"Anasikia vizuri sana. Na hesabu anatushinda darasa zima."

Alikuwa na sababu ya kuwahi. Kuna neno alilichukia kuliko matusi, nalo ni "masikini". Watu walimtazama Refa, wakatikisa kichwa, wakasema masikini, mzigo gani huu kwa mama yake. Ili kuwaziba midomo, Chiriku alijizoesha kusifu. Refa anakaa vizuri. Refa anakula vizuri. Refa hana shida hata kidogo. Mama Refa aliyasikia na kuyaacha yapite, kwa sababu yeye alikuwa na hofu yake. Aliogopa kwamba shule ikijua ilivyo kazi ngumu kumtunza mwanawe, itamwambia abaki naye nyumbani.

Kwa muda mrefu walimpeleka shuleni kwa toroli la fundi mwashi, lililotandikwa kipande cha godoro. Kisha fundi akapata kazi mji mwingine, akaondoka na toroli lake, kama ilivyo haki yake. Ikabidi Refa abebwe mgongoni. Mama yake alimbeba mpaka asubuhi moja alipoinama kumwinua na kiuno kikakataa kunyooka. Alibaki vile vile, kainama, kashika ukingo wa kitanda, jasho likimtoka.

"Usijali, mama," Chiriku alisema. "Mimi nipo."

Akampandisha Refa mgongoni mwake, miguu ya mwenzake ikining'inia mpaka kwenye mashavu ya miguu yake. Walifika shuleni wamechelewa. Siku zilizofuata pia walichelewa.

Ndipo jirani mmoja akawaelekeza kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, wakaombe kiti cha magurudumu. Walikaa kwenye benchi refu mpaka miguu ikafa ganzi. Walipoitwa ndani, walimkuta afisa ambaye chai yake ilikuwa imepoa mezani na macho yake yamechoka kusikiliza shida za watu. Alikuwa mpole lakini alikuwa na haraka, kwani nyuma yao benchi lilikuwa bado limejaa.

"Anaweza kukaa mwenyewe?" afisa aliuliza.

"Anakaa vizuri tu," Chiriku akajibu.

"Shingo?"

"Shingo haina tatizo."

Mama Refa alimtazama Chiriku, kisha akatazama sakafu, akanyamaza. Refa, aliyelala mapajani mwa mama yake, alifumba macho kwa nguvu.

"Ana usingizi, masikini," afisa akasema.

Chiriku aliyaona yale macho. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote mle ndani. Akageuka akatazama dirishani, kwa sababu neno moja la kweli lingebomoa sifa zote alizozijenga.

Kiti cha magurudumu kilipokuja, ua mzima ulitoka kukishangilia. Kilikuwa kipya na kinang'aa. Bibi yake Chiriku alikizunguka huku na huku, akasema kwamba laiti kingekuwa na taa na honi, angekikodi kwenda sokoni. Watu wakacheka. Refa akawekwa kitini, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Kiti kile kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeweza kukaa. Refa alielea ndani yake. Kila gurudumu lilipogonga jiwe, makalio yake yaliteleza mbele, mgongo ukapinda, mguu mmoja ukaanguka na kuburuzwa chini. Walimfunga kwa mtandio kifuani. Mtandio ukalegea. Wakaukaza, ukambana pumzi. Njiani Chiriku alisimama kila mara, akainama, akamwingiza mikono kwapani na kumvuta juu. Kabla hawajaumaliza mtaa, Refa alikuwa ameteleza tena. Chiriku alifika darasani akiwa hoi, akaandika mistari miwili, akalala juu ya daftari.

"Chiriku," mwalimu mkuu alimwita siku moja, kando ya kisima cha shule. Alikuwa mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. "Kazi hii si kubwa kwako? Mnahitaji msaada?"

"Hapana, mwalimu. Mimi nipo."

"Una hakika?"

"Nimezoea, mwalimu."

Kengele ikalia na watoto wa darasa la kwanza wakaanza kusukumana mlangoni, naye mwalimu mkuu akaenda kuwaamua.

Jambo baya kuliko mengine halikuonekana upesi. Katika kiti kile kichwa cha Refa kililala kifuani, na mtu ambaye kichwa chake kimelala kifuani hawezi kutazama juu. Hakuna aliyeweza kuona 'ndiyo' yake. Darasani mwalimu aliuliza, akasubiri, akaona utosi wa Refa, akamgeukia mtoto mwingine. Jioni, barazani, watoto walimgeukia kama zamani wakakuta amejikunja kitini. Baada ya muda wakaacha kumgeukia. Ugomvi wa kamba ukarudi kuamuliwa na mwenye sauti kubwa.

Chiriku hakumuuliza rafiki yake kama kiti kinamfaa. Aliogopa jibu. Kama kiti hakifai, basi ni yeye aliyekosea pale ofisini, na kukubali kosa hilo, na uchovu ule aliokuwa nao, kulimzidi.

Kisha Mama Refa akagundua kidonda. Kilikuwa nyongani, chekundu, kimeanza kutoa maji. Alikisafisha akiwa amepiga magoti sakafuni huku ameshika kiuno chake mwenyewe, na aliposimama alikuwa amefikia uamuzi.

"Kuanzia Jumatatu atabaki nyumbani," alisema. "Kidonda kikipona, tutaona."

Chiriku alilijua neno "tutaona" la watu wazima. Alitazama cherehani, sare za wanafunzi wengine zilizokunjwa juu yake zikisubiri vifungo, na sare ya Refa iliyoning'inia mlangoni. 

"Mama, mimi nipo," alisema.

"Najua upo, mwanangu. Lakini hebu jitazame. Bega moja limekwenda chini kama la mchukuzi."

 Chiriku alirudi kwao akajitupa kitandani na viatu. Bibi yake alimvua viatu na kusema kwamba kidonda si jambo la kungojewa, na kwamba kesho asubuhi yeye mwenyewe atawasindikiza wote hospitali, hata ikibidi kuwaswaga kama mbuzi.

Hospitali muuguzi alikisafisha kidonda, akakifunga, akauliza kimetokana na nini. Aliposikia ni kiti, aliwaelekeza mwisho wa ukumbi, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Walisubiri tena. Bibi alikoroma wazi wazi kwenye benchi, na Mama Refa hakuona haja ya kumwamsha.

Mtaalamu alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Hakukaa kwenye kiti chake. Alitandika mkeka mnene sakafuni, akamlaza Refa kwa upande usio na kidonda, akampangia mito mgongoni na chini ya kichwa, kisha naye akaketi pale pale chini, nyuso zao zikiwa sawa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Refa alikuwa ameinua uso mbele ya mtu wa nje.

"Shikamoo, daktari," Chiriku alisema.

"Marahaba. Hiki ndicho kiti chenu? Kinamfaa?"

"Kinamfaa sana, daktari. Tunashukuru."

"Na ninyi mnaomhudumia? Ni kazi nzito hii. Hamjachoka?"

"Hatujachoka," Chiriku akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma shairi alilokariri. "Mimi nimezoea."

Mkekani, Refa akatoa mlio. Haukuwa ule wa kicheko. Chiriku aligeuka na macho yao yakakutana, na Refa, akiwa anamtazama yeye na si mtu mwingine, akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu mpaka kope zikatetemeka.

"Amesinzia?" mtaalamu aliuliza.

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Afisa wa ustawi wa jamii alikwisha kulisema neno hilo mwenyewe, na hakuna aliyeuliza zaidi. Chiriku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mdomo ule ukakosa cha kutoa. Refa alibaki amefumba macho. Alikuwa anasubiri, kama alivyosubiri siku zote barazani mpaka aliyegusa kamba atoke mwenyewe.

"Hajasinzia," Chiriku akasema hatimaye. "Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Hivyo ndivyo anavyosema hapana. Anasema mimi ni mwongo."

Halafu akalia. Alilia kwa aibu, na kwa sababu mabega yalimuuma, na kwa sababu alitamani kulala. Kwa sauti ya kukatika katika alieleza yote: kwamba Refa hawezi kukaa mwenyewe, kwamba pale ofisini alidanganya, kwamba mtandio hausaidii, kwamba kichwa kinaanguka na darasani hakuna anayemsikia tena.

"Nimechoka, daktari," alisema. "Lakini sijamchoka yeye. Niliogopa nikisema, watu watadhani nimemchoka yeye."

Mama Refa aliweka mkono kichwani mwake. "Si peke yako," alisema polepole. "Na mimi nilikuwepo pale ofisini, nikanyamaza. Mimi ndiye mtu mzima."

Mtaalamu hakumkaripia mtu. Alivaa miwani yake, akamwinamia Refa. "Kumbe nimeongea na watu wote isipokuwa mwenye mwili wake," alisema. "Nisamehe. 'Ndiyo' unaisemaje?"

Refa akafumbua macho na kutazama juu.

"Vizuri. Hiki kiti kinakuumiza?"

Juu.

"Mgongoni?" Macho yakafumbwa. "Nyongani?" Juu. "Ukikaa ndani yake unaona ubao darasani?" Yakafumbwa. "Unataka kuacha shule?"

Yakafumbwa kwa nguvu kuliko mara zote, na mlio ukamtoka mpaka bibi kule nje akashtuka usingizini na kuuliza nani anachinjwa.

Msaada haukuja siku ile wala wiki ile. Kidonda kilichukua muda wake, na Refa alibaki nyumbani kweli, lakini safari hii "tutaona" ilikuwa na mtu wa kuifuatilia. Mtaalamu alimpima urefu wa mapaja, upana wa nyonga na kimo cha shingo, akabaki na kiti ili akirekebishe na seremala wa hospitali. Chiriku alipita kila jioni kumsomea masomo ya darasani, mara nyingine akiishia katikati ya ukurasa kwa miayo. Mama Refa alikwenda shuleni kwa mwendo wa kiuno kibovu, akamweleza mwalimu mkuu kila kitu bila kupunguza: kulisha, kugeuza, kubadilisha nguo, kuinua. Alipomaliza alisubiri kuambiwa kwamba shule haiwezi.

"Nimekuwa nikiuliza muda wote huu," mwalimu mkuu alisema, "na kila nikiuliza naambiwa 'mimi nipo'. Ningeombaje msaidizi kwa mtoto ambaye naambiwa hana shida?"

Akamwombea msaidizi, akamfuatilia mpaka akapatikana: dada mmoja mwenye mikono ya nguvu, aliyewahi kumtunza mdogo wake mwenyewe katika hali kama ile. Alijifunza kijiko cha nusu kutoka kwa Mama Refa na lugha ya macho kutoka kwa Chiriku. Wanafunzi wa darasa wakagawana zamu za kusukuma kiti asubuhi. Mtoto wa fundi mwashi, aliyeachwa kwa shangazi yake baba alipohama, aliomba zamu mbili, akidai yeye ndiye mwenye uzoefu wa magurudumu.

Kiti kiliporudi kilikuwa kile kile, ila ndani yake kulikuwa na kiti kingine cha mbao na sponji, kilichomkumbatia Refa pande zote mbili. Kulikuwa na mkanda wa nyonga, kibao cha miguu, na tegemeo la kichwa. Hakikung'aa tena, na bibi alisema sasa kimekosa hadhi ya kwenda sokoni. Refa aliketi ndani yake barazani jioni ile, uso umeinuka, akiutazama ua wote.

Watoto walitoa kamba. Mama Refa aliburuta kigoda akaketi karibu na Chiriku, ambaye alikuwa akingoja zamu yake ya kuruka.

"Nataka nikwambie neno," alisema, "na nijiambie mwenyewe pia. Mimi na wewe tulidhani kumpenda ni kuficha ugumu wake. Tukamsifu mbele ya watu mpaka wenye uwezo wa kutusaidia wakatuacha, kwa kuwa tuliwaambia hatuna shida. Aliyeumia ni yeye. Kuanzia leo, mtu akituuliza, tuseme kama ilivyo. Na kama swali linamhusu yeye, aulizwe yeye."

"Sawa, mama."

"Na kuomba msaada si aibu. Mimi nimefika umri huu ndio najifunza."

Wakaita zamu ya Chiriku. Aliruka vizuri mwanzoni, kisha miguu ikawa mizito, na kamba ikapapasa kidole chake kidogo tu, mguso ambao mtu mwingine asingeuona. Watoto walisimama. Wote, kama zamani, wakageuka kutazama baraza.

Chiriku hakungoja hukumu. "Nimegusa," alisema, akatoka, akarudi kuketi chini kando ya gurudumu la rafiki yake. Aliegemeza kichwa kwenye ubao mpya uliokuwa bado unanukia maranda ya seremala.

"Umechoka, mwanangu?" Mama Refa alimuuliza.

"Nimechoka, mama."

Refa akatazama juu.